Kuchora vichwa na mikono kwa kujifunza vitabuni: nifuate utaratibu gani?

Mchora Mabango, Mwanza

Salaam kwenu wachoraji wenzangu, na shikamooni wakubwa zangu katika fani hii.

Mimi ni mchora mabango hapa Mwanza, na kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika majina ya maduka, matangazo ya saluni na maandishi ya ubavuni mwa magari. Herufi hazinisumbui. Tangu mwaka jana, hata hivyo, wateja wameanza kuniletea picha ndogo za wazazi wao, nyingi zikiwa za marehemu, wakitaka niwachoree kwa penseli kwenye karatasi kubwa ya kutundikwa sebuleni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui kuchora kichwa cha mtu. Mama mmoja aliutazama mchoro wa mumewe kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeichanganya picha yake na ya mtu mwingine. Nilimrudishia fedha zake siku ileile.

Baada ya hapo niliamua kuanza upya. Rafiki yangu aliniletea kutoka Nairobi kitabu cha Andrew Loomis kinachofundisha vichwa na mikono, kile kilichotoka Marekani mwaka 1956 na kuchapishwa tena 2011, na baadaye nikapata cha George Bridgman cha mikono peke yake, cha mwaka 1920. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikikaa navyo kila usiku baada ya kazi. Nikikifungua kitabu na kunakili ukurasa, mchoro wangu hufanana vya kutosha na wa kitabuni. Nikikifunga na kumketisha mjomba wangu barazani, kila kitu huvurugika. Wiki iliyopita nilimchora akiwa amegeuka kidogo kuelekea barabarani. Jicho lake la upande wa mbali liliteleza likaenda kukaa karibu na sikio, pua ikaelekea huku na mdomo kule, na mikono aliyoiegemeza juu ya mkongojo ikawa kama glavu zilizojazwa pamba.

Liko jambo linaloniumiza zaidi ya hayo. Nyuso zangu zote, za wanaume kwa wanawake, zinatoka na sura moja, na sura hiyo si ya mtu wa kwetu. Ni ule uso wa kitabuni wenye pua nyembamba na taya la mraba. Nikijaribu kuinenepesha midomo na kuitanua pua juu ya uso huohuo, mtu huyo huonekana kama amebandikwa viungo visivyo vyake.

Naomba mnielekeze. Je, nivifuate vitabu hivi ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho ndipo nirudi kwa watu walio hai, au niviweke kando kwanza? Na mikono niianze lini, maana Bridgman ninamtazama lakini simwelewi. Michoro yake inaonekana kama vipande vya mbao vilivyogongelewa pamoja, na Kiingereza chake nakisoma kwa tabu. Wateja watatu wananisubiri.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Marahaba kijana wangu. Nimefundisha uchoraji katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na uso huo mmoja unaojirudia nimeuona katika madaftari ya wanafunzi wengi, wakiwamo waliokuja kuwa wachoraji wazuri sana. Kwa hiyo usiuchukue kama dalili ya kukosa kipaji.

Loomis alikuwa mchoraji wa matangazo na wa hadithi za magazeti, na makazi ya kazi yake yalikuwa Chicago. Waliomwagiza kazi walitaka aina fulani ya uso, kijana mtanashati wa Kimarekani na msichana mwenye pua ndogo, na alikuwa stadi mno wa kuwapa walichotaka. Unaponakili mchoro uliokamilika katika kitabu chake, unanakili soko la wakati ule. Kinachokufaa wewe ni ile mistari myepesi aliyoitanguliza, yaani tufe (umbo la mpira) analoanzia kichwa, mstari wa katikati na mikato ya pembeni, kwa sababu fuvu la mzee wa Sengerema na fuvu la mtu wa Chicago yamejengwa kwa mpango mmoja. Nakuomba kwa mwezi mmoja usikamilishe uso hata mmoja. Ishia kwenye mistari hiyo.

Sasa kuhusu jicho lililoteleza. Kosa hilo hutokea mtu anapolichora tufe la Loomis kama duara bapa la kwenye karatasi, na dawa yake haipatikani kwa penseli peke yake. Chukua chungwa, sisi wa Muheza hatuyakosi, na nadhani Mwanza pia yanafika. Likate kipande upande wa kushoto, kisha kipande cha ukubwa uleule upande wa kulia, kiasi kwamba upana uliobaki uwe kama theluthi mbili za upana wa awali. Kichwa cha binadamu ukikitazama kutoka mbele ni chembamba hivyo; ukikitazama kutoka ubavuni ndipo unapouona urefu wake wa kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Chukua kalamu ya wino, piga mstari unaolizunguka chungwa katikati kama ikweta: hizo ni nyusi. Piga mwingine wima kwenye ganda la upande unaokutazama: hapo ndipo katikati ya uso. Kila mkato wa pembeni umekuachia duara, basi ligawe kwa msalaba. Ncha ya juu ya duara hilo ndicho kimo ambapo nywele huanzia, msalaba wenyewe uko usawa wa nyusi, na ncha ya chini ndicho kimo cha chini ya pua. Ukiteremka mara moja zaidi kwa kipimo hichohicho umefika kidevuni, na kwa kuwa chungwa halifiki huko, lichomekee njiti ya kibiriti upande wa mbele, chini ya mstari wa wima, kuonyesha mahali pake. Sikio hukaa katika robo ya chini iliyo upande wa nyuma wa duara la ubavuni.

Liweke chungwa hilo usawa wa macho yako, kisha uligeuze polepole, ukichora kila linapotulia. Utaona mambo ambayo ukurasa hauwezi kukuonyesha. Mstari wa katikati, ambao mbele ulikuwa umenyooka, unapinda na kusogea kuelekea ukingo wa mbali, na eneo lililobaki ng'ambo yake linazidi kuwa jembamba. Jicho la mbali linapaswa kutoshea katika eneo hilo jembamba, na kona yake ya ndani huenda ikafichwa na mzizi wa pua. Wewe ulimpa mjomba wako jicho la mbali lenye upana uleule wa jicho la karibu, likakosa nafasi na kwenda kuitafuta sikioni. Liinamishe chungwa mbele uone masikio yanavyopanda juu ya mstari wa macho, kisha liinue uone yanavyoshuka. Chora machungwa ishirini ya namna hii, na siku inayofuata umketishe mjomba tena.

Kuna vipimo viwili vya kuvishika kichwani. Macho yako katikati ya kimo cha kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, na karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha aliyaweka juu mno mwanzoni kwa sababu paji na utosi havimvutii mtazamaji, hivyo alivipunja. Nafasi iliyo kati ya macho mawili inakaribia upana wa jicho moja. Vipimo hivyo, pamoja na zile theluthi tatu za nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na pua hadi kidevu, vichukue kama kamba ya fundi mwashi: anaivuta kabla ya kupanga matofali ili aone tofali gani limetoka nje ya mstari. Kitabu kinasema theluthi tatu ziwe sawa. Baba wa mteja wako huenda theluthi yake ya chini ni ndefu kuliko mbili za juu, au mdomo wake wa juu umesogea karibu sana na pua, na tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mkewe amtambue kwa mbali akirudi kutoka ziwani. Ipime kwa ukingo wa karatasi, iandike pembeni, kisha uichore kama ilivyo. Usiirekebishe ifanane na kitabu.

Kuhusu utaratibu wa vitabu, anza na Loomis. Yeye alikuwa mwanafunzi wa Bridgman kule New York, katika chuo cha Art Students League, na kwa namna fulani alikuja kuyalainisha yale ambayo mwalimu wake aliyasema kwa ukali. Michoro ya Bridgman ilitokana na madarasa ambamo mtu halisi alikuwa ameketi mbele ya wanafunzi, naye akawaonyesha jinsi fungu moja la mwili linavyojikita katika jingine. Wewe huna mtu huyo mbele yako, ndiyo maana unaona mbao. Ukimsoma huku mkono wako wa kushoto ukiwa mezani, taa ikiupiga kutoka upande mmoja, mbao hizo zitaanza kugeuka nyama. Katika mikono, lakini, nitawaachia wanaoijua kuliko mimi.

Bi. Viungo, Dodoma

Shikamoo Mwalimu, na pole kaka kwa lililokupata kwa yule mama. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kuchora ni jambo ninalolipenda baada ya kazi, lakini mikono ninaishika kutwa nzima, kwa hiyo naomba niichukue sehemu aliyoiacha Mwalimu.

Glavu yako ya pamba inatokana, nadhani, na kuanza kuchora vidole kabla ya kiganja. Mkono una mifupa 27: minane midogo ya kilimbili, yaani kifundo cha mkono, mitano mirefu ya kiganjani, na kumi na minne ya vidole, ambapo gumba lina pingili mbili na kila kidole kingine kina tatu. Ile minne ya kiganja inayobeba vidole vinne imefungamana karibu sana, ndiyo maana sehemu hiyo unaweza kuichora kama kipande kimoja kilichopinda kidogo, mfano wa kigae cha paa. Ule wa gumba umeachana nayo na unazunguka kwa uhuru wake. Ukichora kwanza kigae hicho, kisha ukabandika kabari nene ya gumba ubavuni mwake, tayari una mkono, hata kabla hujachora kidole.

Tafadhali weka mkono wako wa kushoto mezani sasa hivi, kiganja kikitazama chini. Angalia vifundo vinne ambako vidole vinaanzia. Havikupangwa katika mstari ulionyooka. Vimepanda hadi kwenye kidole cha kati na kuteremka kuelekea kidole cha mwisho, kama upinde. Viungo vinavyofuata vina upinde wao, mkali zaidi, na ncha za vidole zina wa kwao. Anayechora mistari mitatu iliyonyooka hupata reki. Sasa pima kidole cha kati kutoka kwenye kifundo chake hadi ncha, ulinganishe na sehemu iliyobaki hadi kwenye kilimbili: utakuta vinakaribiana. Geuza mkono, kiganja kitazame juu. Kidole kilekile kimekuwa kifupi! Mfupa haujabadilika; ngozi iliyo kati ya vidole imeanzia katikati ya pingili ya kwanza, na mkunjo wa shinani unaouona kiganjani hauko mahali kiungo chenyewe kilipo. Nimewaona wachoraji wengi wakitumia urefu mmoja kwa pande zote mbili, na mkono ukaonekana mgonjwa bila mtu kujua ni kwa nini.

Ndani ya vidole hakuna msuli unaovikunja. Misuli hiyo iko katika kigasha, yaani kati ya kiwiko na kilimbili, na inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kilimbili, kama kamba za matanga. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba upande wa mgongo wa kidole ni mkavu, una mifupa na ngozi yenye makunyanzi, na upande wa ndani ni laini, una vimto vitatu vya nyama, kimoja kwa kila pingili. Chora upande mmoja kwa mistari mikavu na mwingine kwa mistari ya mviringo, na glavu itaanza kuondoka. Mjomba wako akiwa ameegemea mkongojo, kano za mgongo wa mkono wake bila shaka zinaonekana zikitandazika kutoka kilimbili kuelekea vifundoni. Kwa wazee, mafuta ya chini ya ngozi yakishapungua, huonekana kama mbavu za mwavuli.

Jambo la mwisho ni kucha. Kucha za vidole vinne zinatazama karibu upande mmoja mkono ukiwa umetulia, lakini ya gumba imegeuka kabisa na kutazama ubavuni. Mwanzoni nilikuwa nazichora zote tano zikinitazama mimi. Na mkono wa mtu mzima ukiuweka usoni, kuanzia kidevuni, ncha ya kidole cha kati hufika karibu na mwanzo wa nywele. Pima wa mjomba wako, kwa sababu wachoraji wanaoogopa mikono huichora midogo.

Mchora Nyuso, Kisauni

Ndugu zangu wa Bara, nawasalimu kutoka Mombasa. Mwalimu nitampinga kidogo kwa heshima, kwa sababu riziki yangu ni kuchora nyuso za watu kutoka kwenye picha, na tufe sikulitumia hata mara moja nilipokuwa najifunza.

Mimi nilijifunza kwa kutazama maumbo ya vivuli. Unaigeuza picha kichwa chini miguu juu, unasahau kwamba hilo ni jicho na ile ni pua, unalichora umbo la giza kama vile lingekuwa ramani ya kisiwa. Sura hukaa ndani ya maumbo hayo. Mchoraji anayelifikiria tufe tangu mwanzo, kwa maoni yangu, huja na jibu kabla ya kumtazama mtu, na ndiyo asili ya huo uso mmoja unaojirudia.

Lakini lililonifanya niandike hasa ni rangi ya ngozi, ambalo hakuna aliyeligusa. Vitabu hivi vya zamani vimechorwa juu ya watu weupe. Humo karatasi nyeupe yenyewe ndiyo ngozi, na penseli hutumika kuweka vivuli tu. Mtu wetu ukimchora kwa kanuni hiyo hutoka mweupe, na ukitaka kusahihisha kwa kumpaka penseli laini na nyeusi ya 6B uso mzima, huzama akawa bonge la giza lisilo na umbo. Ngozi nyeusi huongea kwa mng'ao. Mtazame mtu aliyekaa mlangoni wakati wa alasiri: mwanga unajikusanya kwenye paji, juu ya mfupa wa shavu, kwenye uti wa pua na katikati ya mdomo wa chini, una kingo kali kuliko kwenye ngozi nyeupe, na ni hapo unapoliona umbo la kichwa waziwazi. Anza, kwa hiyo, kwa kuupanga mng'ao, uyahifadhi maeneo yake, ndipo uyateremshe mengine yote hatua kwa hatua. Mdomo wa chini mara nyingi una rangi nyepesi kuliko wa juu. Usiipake yote sawa.

Mkononi jambo hili ni kubwa zaidi. Kiganja chetu ni cheupe na mgongo wa mkono ni mweusi, na mpaka wa rangi hizo mbili unatambaa ubavuni mwa kila kidole. Hakuna kitabu cha Marekani cha miaka ile kilichonionyesha mpaka huo, nami ninausikitikia muda nilioupoteza nikiufuta kwa raba nikidhani ni kivuli kilichokosewa. Ukiufuata vizuri, wenyewe unakuonyesha kidole kimezunguka kiasi gani.

Ushauri wa vifaa: acha karatasi nyeupe kwa muda. Nunua karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, utumie mkaa wa kuchorea kwa giza na chaki nyeupe kidogo kwa mng'ao, na rangi ya karatasi yenyewe iwe ngozi ya katikati. Isitoshe, penseli ikirundikwa sana humeta kama bati na kuligeuza giza kuwa kijivu pindi picha inapotundikwa karibu na dirisha, jambo ambalo mkaa haulifanyi.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Ndugu wa Kisauni, asante sana. Hayo ya mng'ao na karatasi ya kaki ningependa ningeyasikia nikiwa bado darasani, na kuhusu ngozi nakubali kwamba kitabu kimemwacha msomaji wetu njiani.

Katika tufe bado nasimama nilipokuwa, na sababu yangu iko katika kazi aliyonayo kijana huyu. Picha anazoletewa ni zile ndogo za pasipoti, zilizopigwa kwa mwanga wa mbele ambao umeyafuta maumbo yote ya vivuli unayoyasema. Paji, mashavu na kidevu vimekuwa eneo moja lililopauka. Hapo hana ramani ya kisiwa ya kunakili, na marehemu hawezi kuketishwa dirishani. Analazimika kujua mwenyewe mahali ambapo paji linapinda kuelekea kwenye panja, na chini ya shavu panapoingia ndani, ili aurudishe mwanga uliokosekana. Njia yako ni bora mno kwa picha nzuri. Kwa picha mbaya, mwenye kuijua nyumba ndiye anayetembea gizani bila kugonga mlango.

Mwanafunzi wa Tezo, Mwenge

Nina machache. Mimi najifunza uchongaji hapa Mwenge, Dar es Salaam, kwa mzee wa Kimakonde, na kichwa tunakianza kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, hatuanzi na patasi ndogo. Mzee huondoa bapa moja kubwa kwa paji, mawili yanayoshuka kutoka kwenye mashavu kwenda kwenye taya, moja chini ya pua na jingine chini ya mdomo. Kwa saa nzima kichwa hakina jicho wala tundu la pua, lakini ukikiweka juani unamwona tayari kama ni mzee au kijana. Akiniona nakimbilia kope, huninyang'anya kifaa.

Kaka, hayo mabapa ndiyo nadhani Bridgman anayachora anapokuonyesha mbao. Mpango wa pua iliyopana pia huanzia hapo: bapa la chini ya pua linakuwa pana na linatazama mbele kidogo, na bapa la mdomo linatoka nje kulifuata, pamoja na mfupa wa meno ulio nyuma yake. Ukiipanua pua bila kuusogeza mfupa huo, ndipo inapoonekana imebandikwa.

Mchora Mabango, Mwanza

Wakubwa zangu na ndugu zangu, zimepita wiki sita. Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka kushukuru kabla sijafanya mlichoniagiza.

Machungwa nimeyachora hamsini na matatu. Mnamo la thelathini hivi, nikiwa nimeliinamisha, niliuona mstari wa nyusi ukipinda na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba macho yamevikwa kuzunguka kichwa, hayakutundikwa mbele yake kama herufi ukutani. Jicho la mbali la mjomba sasa linakaa mahali pake. Yule bwana wa Mwenge ameniondolea tatizo la pua kwa sentensi moja. Nilipousogeza mbele mfupa wa meno, midomo ilikuja yenyewe, na nilipomwonyesha mjomba alilitaja jina la marehemu kaka yake, ambaye wanafanana.

Vitabu nimeviweka hivi: asubuhi ukurasa mmoja wa Loomis, mistari ya chini tu, na jioni mtu mmoja aliye hai kwa vipimo vilevile, huku nikiandika pembeni pale anapokwenda kinyume na ukurasa. Mama yangu mzazi, kwa mfano, ana theluthi ya kati ndefu kuliko nyingine zote. Nimekuwa nikimtazama maisha yangu yote na sikuwahi kulijua hilo.

Jumapili nilimchora akimenya mihogo kwenye karatasi ya kaki. Mkono wa kushoto ulioshika muhogo umekubali: upinde wa vifundo upo, kano zipo, na mpaka wa weusi na weupe ubavuni mwa kidole cha shahada ndio ulionionyesha kidole kimegeukia wapi. Mkono wa kulia wenye kisu haujakubali. Gumba linasukuma ubapa wa kisu likija kwangu moja kwa moja, nami kila nikilichora linakuwa refu, kana kwamba linaelekea pembeni. Nimelifuta mpaka karatasi imetoka manyoya. Bi. Viungo, tafadhali, kidole kinapomwelekea mtazamaji hivyo, nianze na nini?

Bi. Viungo, Dodoma

Anza na ukucha, kaka. Usipime urefu wa gumba, kwa sababu kwa mkao huo urefu hauonekani. Chora umbo la ukucha kama unavyouona, ambao utakuwa mpana na mfupi, kisha duara la ncha ya kidole linaloubeba, kisha duara la kiungo kinachofuata likichungulia nyuma yake, likiwa limefunikwa zaidi ya nusu. Mwisho kabisa ile kabari ya nyama ya shinani, nayo ikifunikwa na kiungo. Maduara hayo yaingiliane kama vibakuli vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Mistari ya pembeni inayoyaunganisha iwe mifupi mno, na mahali ambapo duara moja linaliziba jingine mstari wa duara la mbele upite wazi huku wa nyuma ukikatika.

Mwombe mama ashike kisu bila muhogo kwa dakika tano, na karatasi uchukue nyingine.